Nyuzi Kumi na Sita: Sayansi ya Sauti na Sikio Katika Muziki wa Wacheki

Watu wanne huingia ukumbini, huketi katika nusu duara, na kuanza kupiga muziki bila kipaza sauti, bila ngoma, na bila kiongozi wa kuwaelekeza kwa fimbo. Wawili wana fidla, wa tatu ana viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, na wa nne ana selo aliyoisimamisha kati ya magoti yake. Kila ala ina nyuzi nne. Hivyo jumla yake ni nyuzi 16. Kundi la namna hii huitwa kwarteti ya nyuzi. Muziki unaotungwa kwa ajili yake huitwa muziki wa chumba, kwa kuwa hapo kale ulikusudiwa kupigwa vyumbani mbele ya wasikilizaji wachache.

Kwa msikilizaji wa taarabu wa Unguja au Mombasa fidla si kitu kigeni. Lakini katika taarabu fidla hufuatana na mwimbaji na ala nyingine nyingi, ilhali katika kwarteti hakuna mwimbaji wala ngoma. Kila kinachosikika hutokana na nyuzi, mbao na hewa. Kwa sababu hiyo kwarteti ni mahali pazuri pa kujifunzia fizikia ya sauti.

Makala haya yanaeleza kisayansi yale yanayotokea katika tamasha la kwarteti lenye kazi za watunzi watatu wa Kicheki: Antonín Dvořák, Leoš Janáček na Bedřich Smetana. Watatu hawa wamechaguliwa kwa sababu kila mmoja alitia katika nyuzi jambo alilolisikia kwa masikio yake. Wa kwanza alisikia ndege, wa pili alisikia usemi wa watu, na wa tatu alisikia mlio uliotangaza uziwi wake mwenyewe. Tukiwafuata kwa utaratibu huo tutaona jinsi sauti inavyozaliwa, na pia jinsi sikio linavyoweza kuipoteza.

Uzi unavyotoa sauti

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Uzi uliokazwa ukitikiswa huenda na kurudi mara nyingi katika kila sekunde, na idadi ya mitetemo hiyo ndiyo inayofanya sauti iwe nene au nyembamba. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja. Nyuzi nne za fidla, zikiachwa wazi bila kubanwa kwa kidole, hutetemeka takriban hezi 196, 294, 440 na 659. Uzi mnene kuliko wote wa selo hutetemeka kiasi cha hezi 65 tu.

Mwaka 1636 mtaalamu wa Kifaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni za mtetemo wa nyuzi, ambazo hadi leo wanafunzi wa fizikia huzisoma. Kwanza, uzi ukifupishwa hadi nusu, mitetemo yake huongezeka maradufu. Pili, mkazo wa uzi ukiongezwa mara nne, mitetemo huongezeka maradufu vilevile. Tatu, tukiwa na nyuzi mbili zenye urefu mmoja na mkazo mmoja, ule ambao kila mita yake ina tungamo mara nne ya mwenzake utatetemeka kwa nusu ya idadi ya mwenzake. Kanuni hizi tatu hukusanywa katika mlinganyo mmoja:

f = (1/2L) × √(T/m)

ambapo f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, L ni urefu wa uzi, T ni mkazo, na m ni tungamo la mita moja ya uzi huo.

Mpigaji fidla huzitumia kanuni zote tatu. Anapozungusha vigingi vya kukazia nyuzi hubadili mkazo. Anapobana uzi kwa kidole hubadili urefu. Na fundi aliyetengeneza nyuzi nene alizizungushia waya mwembamba wa metali ili kuziongezea tungamo.

Hata hivyo uzi hautetemeki kwa ukamilifu wake tu. Wakati huohuo hutetemeka pia kwa nusu mbili, kwa theluthi tatu, kwa robo nne, na kuendelea. Kila mgawanyiko hutoa sauti yake nyembamba zaidi, iliyo mara mbili, mara tatu au mara nne ya ile ya msingi. Hapa tutaziita sauti fuasi. Kiasi cha kila sauti fuasi ndicho kinachotuwezesha kutambua kuwa sauti fulani imetoka katika fidla na wala si katika filimbi, hata kama zote mbili zina mitetemo 440.

Uta, utomvu na sanduku

Uta wa fidla umefungwa singa za mkia wa farasi, na singa hizo hupakwa utomvu mkavu wa msonobari. Utomvu huo huongeza msuguano. Uta ukivutwa, singa huushika uzi na kwenda nao. Mkazo wa uzi unapozidi msuguano tuli, uzi huponyoka na kurudi, kisha hushikwa tena. Katika uzi wa hezi 440 tendo hili la kushikwa na kuponyoka hutokea mara 440 kila sekunde. Jicho huona ukungu wa uzi uliotanuka katikati. Lakini Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani, alionyesha katika karne ya 19 kwamba kwa kweli uzi huwa umenyooka katika pande mbili zinazokutana kwenye kona moja kali, na kona hiyo ndiyo inayokimbia kutoka mwisho mmoja wa uzi hadi mwingine.

Uzi peke yake ni mwembamba mno. Hauwezi kusukuma hewa ya kutosha. Ndiyo maana hupitishwa juu ya kidaraja cha mbao, ambacho hupeleka mtetemo kwenye ubao wa mbele wa sanduku. Ndani ya sanduku kimesimamishwa kijiti kidogo kinachounganisha ubao wa mbele na wa nyuma. Waitalia na Wafaransa hukiita roho, na Wacheki nao hukiita hivyohivyo, kwa maana kikiondolewa ala hupoteza uzuri wa sauti yake. Hewa iliyomo sandukuni nayo hutetemeka kupitia matundu mawili yaliyochongwa ubaoni, na kuzipa nguvu sauti nene za fidla.

Viola ina sifa ya pekee. Nyuzi zake zimeshushwa chini ya zile za fidla kwa uwiano wa 3 kwa 2. Kama sanduku lake nalo lingekuzwa kwa uwiano huo, lingekuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 50, na hakuna ambaye angeweza kulishika begani kwa raha. Mafundi huliacha katika sentimita 40 hadi 43. Kwa hiyo viola ina sanduku dogo kuliko sauti yake inavyodai, na hapo ndipo inapopata ile sauti yake ya kiza, kama ya mtu anayezungumza kwa huzuni.

Ndege wa Spillville

Dvořák, aliyezaliwa mwaka 1841, aliifahamu vema viola, kwani katika ujana wake aliipiga kwa miaka mingi katika okestra ya jumba la michezo mjini Prague. Kuanzia mwaka 1892 hadi 1895 aliongoza chuo cha muziki mjini New York. Majira ya joto ya mwaka 1893 alikwenda kupumzika Spillville, kijiji cha wahamiaji wa Kicheki katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Huko, kati ya tarehe 8 na 23 Juni, alitunga kwarteti ambayo leo huitwa ya Kimarekani. Viola ndiyo inayopewa wimbo wa kwanza.

Katika sehemu ya tatu ya kwarteti hiyo fidla hupanda juu sana na kurudia kipande kifupi cha sauti kali. Dvořák alikisikia kwa ndege mmoja wa huko aliyekuwa akimsumbua kwa kelele zake. Wataalamu wa ndege wamebishana juu ya jina la ndege huyo, lakini jambo la kisayansi liko wazi. Kiungo cha sauti cha ndege mdogo ni kidogo, na kitu kidogo hutetemeka upesi. Nyimbo nyingi za ndege wadogo ziko kati ya hezi 2,000 na 8,000. Ni fidla tu, katika sehemu yake ya juu kabisa, iwezayo kuzikaribia.

Nyimbo za usemi

Janáček alizaliwa mwaka 1854 huko Moravia, mashariki ya nchi ya Wacheki. Kwa zaidi ya miaka 30 alitembea na daftari, akiandika kwa noti jinsi watu walivyosema: muuza bidhaa sokoni, mtoto anayelia, mtumishi anayeaga. Aliona kwamba maneno yaleyale hupanda na kushuka kwa namna tofauti kufuatana na furaha, hofu au uchungu wa msemaji. Hata usemi wa binti yake Olga, alipokuwa mgonjwa kabla ya kufariki mwaka 1903, aliuandika.

Kwarteti yake ya kwanza, ya mwaka 1923, ilitokana na hadithi ya Tolstoy kuhusu ndoa iliyoharibiwa na wivu. Ndani yake hakuna wimbo mrefu; kuna vipande vifupi vinavyokatizana kama watu wanaogombana. Mara kwa mara wapigaji huagizwa kuvuta uta karibu sana na kidaraja. Uta ukivutwa hapo, sauti fuasi za juu hupata nguvu kuliko ile ya msingi, na uzi hutoa sauti kavu yenye mkwaruzo.

Usemi wa binadamu nao una tabaka mbili za namna hiyo. Irabu, kama a na o, huchukua nguvu nyingi za sauti katika mitetemo ya chini. Konsonanti kama s, f na sh zina nguvu ndogo, na sehemu kubwa ya nguvu hizo iko juu. Ile ya s hupita hezi 4,000. Lakini konsonanti ndizo zinazotenganisha maana. Mtu asiyesikia vizuri mitetemo ya juu atajua kwamba ametajiwa neno, lakini hatajua kama ni suka, fuka au shuka.

Noti iliyotangaza uziwi

Smetana, aliyezaliwa mwaka 1824, alikuwa kiongozi wa muziki katika jumba lilelile la Prague ambamo Dvořák alipiga viola. Mwaka 1874 alianza kusumbuliwa na milio na mvumo masikioni, na kufikia mwishoni mwa Oktoba alikuwa hasikii tena kwa masikio yote mawili. Alikuwa na umri wa miaka 50. Mwaka uliofuata alikwenda kuonana na mabingwa wa masikio mjini Würzburg na Vienna, lakini hawakuweza kumponya. Ugonjwa uliotajwa zaidi kuwa chanzo cha uziwi huo ni kaswende, ingawa wapo waliopinga.

Mwaka 1876 alitunga kwarteti aliyoipa jina la Kutoka Maishani Mwangu. Sehemu yake ya kwanza, inayofunguliwa na viola, inahusu ujana wake na mapenzi yake kwa sanaa. Ya pili ni ngoma ya polka. Ya tatu ni kumbukumbu ya mke wake wa kwanza. Ya nne ni furaha ya kuuona muziki wa taifa lake ukisitawi. Furaha hiyo inapofikia kilele, muziki hukatika ghafla. Ala za chini huanza kutetemesha uta taratibu, na juu yao fidla ya kwanza hupiga noti moja nyembamba, ndefu, isiyobadilika. Katika barua ya mwaka 1878 Smetana alieleza kwamba noti hiyo ni ule mlio masikioni uliomtangazia uziwi. Baada yake nyimbo za mwanzo hurudi kwa kumbukumbu tu, na kazi humalizika kwa unyonge. Ilipopigwa kwa mara ya kwanza mbele ya marafiki mjini Prague mwaka huohuo, aliyeshika viola alikuwa Dvořák.

Noti hiyo ni E ya juu, yenye takriban hezi 2,637. Idadi hiyo ni mara nne ya uzi mwembamba wa fidla ulio wazi, yaani 659 × 4. Kwa kuwa urefu wa uzi wa fidla ni kama sentimita 32.5, mpigaji anaweza kuipata kwa kuugusa uzi kidogo bila kuubana, kiasi cha sentimita 8 kutoka kwenye kidaraja. Mguso huo huzima mtetemo wa uzi mzima na ule wa nusu mbili, na kuuacha ule wa robo nne. Smetana aliwakilisha kupotea kwa sauti kwa noti ambayo, ikipigwa hivyo, ni uzi ulionyamazishwa sauti yake ya msingi.

Ndani ya sikio

Je, kwa nini noti hiyo huchoma namna ile? Jibu la kwanza limo katika umbo la sikio. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita 2.5, na umezibwa upande mmoja na ngoma ya sikio. Bomba la namna hiyo huitikia zaidi wimbi ambalo robo yake inalingana na urefu wa bomba. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo:

340 ÷ (4 × 0.025) = hezi 3,400

Sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, na noti ya Smetana imo humo.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna mifupa mitatu midogo inayopeleka mtetemo kwenye kiungo kilichojikunja kama koa, kilichojaa maji. Georg von Békésy, mtafiti mzaliwa wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba wimbi husafiri ndani ya kiungo hicho na kufikia kilele mahali tofauti kufuatana na mitetemo yake. Sauti nyembamba hufikia kilele karibu na mlango, na nene huenda mbali zaidi. Hapo pamepangwa seli zenye vinywele vidogo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtetemo kuwa ishara za umeme za kupelekwa ubongoni.

Seli hizo hazioti tena kwa binadamu. Zikifa zimekufa. Zinaweza kuuawa na kelele kubwa, na maradhi kama homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa, zikiwemo streptomycin na gentamicin, na pia hupungua kwa uzee. Uharibifu wa kelele kwa kawaida huonekana kwanza karibu na hezi 4,000. Kwa hiyo mtu huanza kupoteza ndege wa Dvořák, kisha konsonanti alizozifuatilia Janáček, huku akidhani bado anasikia vizuri kwa kuwa ngoma na ngurumo anazipata.

Pengine ubongo uliokosa ishara huongeza wenyewe nguvu ya usikizi wake, kama mtu anayefungulia redio hadi mwisho mahali pasipo na matangazo, na matokeo yake ni mlio usio na chanzo nje ya kichwa. Haya ndiyo maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi kuhusu mlio wa masikioni. Msomaji aliyewahi kutibiwa malaria kwa kwinini huenda anaufahamu. Ule wa kwinini kwa kawaida huisha dawa inapoachwa. Wa Smetana haukuisha.

Hadhari na kinga

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mizani hii si ya kujumlisha: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu huwa mara kumi. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi kwa usalama wa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, desibeli 94 kwa saa 1. Mashine za kusaga nafaka, karakana za kuranda mbao na vipaza sauti vya kumbi za dansi vinaweza kuvuka kiwango hicho. Visikilizio vinavyowekwa masikioni navyo huweza kuvuka, jambo ambalo vijana wengi hawalifikirii. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki na burudani kwa sauti kubwa.

Masikio yakivuma baada ya kelele, hiyo ni dalili kwamba yamezidiwa. Usaha sikioni nao usipuuzwe, kwani usipotibiwa huharibu usikivu wa watoto wengi.

Majaribio ya darasani

1. Nyosha waya mwembamba juu ya sanduku tupu la mbao, funga mwisho mmoja, na upitishe mwingine juu ya kipande cha mti ili uning'inize uzito wa kilo 1. Donoa waya na usikilize. Kisha ning'iniza kilo 4. Je, sauti imepanda kama Mersenne alivyosema? Jihadhari waya usikatike usoni.

2. Gusa waya kidogo katikati yake, donoa karibu na mwisho, na uondoe kidole mara moja. Rudia kwa kugusa penye theluthi na penye robo. Hizo ndizo sauti fuasi.

3. Kokotoa kasi ya wimbi katika uzi mwembamba wa fidla kwa kutumia v = 2Lf. Utapata takriban mita 428 kwa sekunde, yaani zaidi ya kasi ya sauti hewani.

4. Hili ni la mwalimu. Simama nyuma ya mwanafunzi kwa umbali wa urefu wa mkono, naye azibe sikio moja. Vuta pumzi, itoe, kisha nong'ona tarakimu na herufi tatu zilizochanganywa, kama vile 4, S, 7, naye azirudie. Jaribu sikio la pili kwa mchanganyiko mwingine. Akishindwa mara mbili, apelekwe hospitali apimwe.

Jaribio hili la mwisho halihitaji senti hata moja, na huenda likawa na faida kuliko mengine yote. Katika madarasa mengi yuko mwanafunzi anayekaa nyuma, asiyejibu anapoulizwa, anayeandika maneno yasiyofanana na yaliyosemwa, na ambaye kila muhula huandikiwa kuwa ni mvivu au mtukutu. Smetana aliweza kutuambia kwa noti moja kwamba hasikii. Mwanafunzi huyo huenda mwenyewe hajui, na kabla ya kumwadhibu inafaa tumnong'oneze kwanza.